Shukrani za Jioni Nyakimwe

Honorata alikuwa amepiga magoti mchangani akigeuza dagaa, akainua macho kuelekea kiwanja cha misheni na kuona kwamba ukuta wa jana haupo. Alimaliza kwanza kugeuza dagaa. Jua la Nyakimwe likishapita vichwa vya michikichi halimsubiri mtu, na dagaa waliokauka upande mmoja wachuuzi wa Katonga huwapokea kwa masimango. Kisha akajipangusa magamba, akajifunga kitenge upya kama mtu anayeitwa ofisini, akapanda.

Fundi Hamdani alikuwa amekaa juu ya ndoo yake, anakunywa chai. Msingi ulikuwa palepale, mtupu, safi kama sahani iliyolambwa.

"Umekwenda wapi?" Honorata aliuliza.

"Sijui, mama. Jana jioni niliuacha hapa, saruji bado mbichi."

"Au umeanguka upande wa nyuma?"

"Ungeanguka ungeacha matofali."

Honorata aliuzunguka msingi, akachungulia migombani, akarudi. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa wodi ya wazazi, na mwenyekiti hawezi kusimama tu. Lakini hakujua mtu aliyepotelewa na ukuta huanzia wapi, kwa hiyo akamwambia Hamdani ajenge mwingine.

Ujenzi ule ulikuwa umeshaonja mikosi ya kila namna. Msingi wa kwanza ulichimbwa karibu na maji, mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia majumbani kwa watu, ukabaki huko chini ambako samaki aina ya kuhe hutagia mayai. Saruji ililowana ndani ya boti na kugandia humohumo, hata mwenye boti akaamua iwe kiti cha abiria. Mabati yalibebwa na upepo yakavuka kwenda Kongo, na wavuvi wa kule wakatuma salamu kwamba yamefika salama. Kila mara Mchungaji Nikodemu, mtu wa Njombe aliyehamishiwa Kigoma na ambaye bado alikuwa anaogopa boti, alisimama mbele ya hasara na kusema tunaanza tena. Na watu walianza tena.

Honorata alikuwa na sababu yake ya kuanza tena. Binti yake Winfrida alipopata uchungu wa mimba ya kwanza, walitoka Nyakimwe kwa boti ya injini kwenda Katonga, ili pale wapate bajaji ya kuwafikisha hospitali. Mtoto alizaliwa wakiwa bado majini, akafa kabla boti haijagusa mchanga. Honorata ndiye aliyemshika. Sasa Winfrida alikuwa na mimba nyingine, na mama yake alikuwa ameapa kwamba huyu atazaliwa nchi kavu, chini ya paa, mbele ya nesi.

Jioni ile, kazi ilipokwisha, walikusanyika kwa ajili ya shukrani kama ilivyokuwa ada. Mchungaji alipiga simu ya video kwa usharika rafiki wa ng'ambo, ambao ndio waliotoa saruji na nondo, na vibarua na kamati wakasimama mbele ya kilichojengwa siku hiyo. Nyakimwe mtu akipewa kitu hasemi asante tu akaondoka. Hukipokea kwa mikono miwili, halafu humrudishia mwenyewe kwa maneno, amwambie hiki ni chako. Ni adabu, na mtoto asiyeijua huambiwa hakulelewa. Honorata mwenyewe ndiye aliyeiingiza adabu hiyo katika shukrani za jioni. "Kazi hii ni yenu," alikuwa anasema, "tunaiweka mikononi mwenu." Wote waliitikia Amina, wakageuka kutafuta majembe na ndala zao, wakaenda nyumbani.

Upande wa ng'ambo alipokea Bibi Gunhild, ambaye ujana wake aliumalizia Ujiji akifundisha shule ya Jumapili, na Kiswahili chake hakikuwa kimeingia kutu.

"Shikamoo, Bibi," walisema wote.

"Marahaba, ndugu zangu. Kuna ukuta huku. Upo uani kwa kanisa, pale tunapoegesha magari. Matofali mekundu. Nadhani ni wenu."

Aligeuza simu. Theluji ilikuwa imeshaukalia kwa juu. Hamdani alisogeza uso, akazitazama zile kona kwa makini.

"Ni wangu," alisema. "Hapo pembeni palipopinda nilikuwa na njaa."

Mchungaji aliuliza kama unaweza kurudishwa. Bibi Gunhild alijibu kwamba ameulizia bandarini, wakamwambia ukuta hauna mahali pa kuandikwa katika karatasi zao. Basi watautunza. Kamati ikamshukuru kwa kuutunza, na asubuhi yake ukuta wa pili nao haukuwepo.

Ikawa hivyo. Hakuna aliyewahi kuuona ukuta ukiondoka. Watu walisema Amina, wakageuza migongo, na wakitazama tena wanaona msingi na nyuma yake michikichi. Kilichokuwa ndani ya kuta kiliondoka nazo. Hamdani alipoteza pimamaji na mwiko mzuri alioununua sokoni Kasingirima. Honorata alipoteza kuku, tetea mwekundu aliyekuwa na tabia ya kulala penye kivuli cha dirisha. Bibi Gunhild alituma picha yake akila kwenye kisahani cha maua, na chini akaandika kwamba watoto wa usharika wanampenda sana. Honorata aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Hakujua kama ahuzunike au amwonee kuku wivu.

Kisha mchungaji akaugua malaria, akalala, na kwa siku hizo hapakuwa na simu wala shukrani. Kuta zilibaki. Zilifika kwenye linta, juu ya madirisha. Mchungaji aliponyanyuka, bado anayumba, akaja moja kwa moja kiwanjani kushukuru kwa kupona, na zikaondoka zote kwa pamoja.

"Mimi ni mgeni katika mambo ya kanisa," Hamdani alisema, "lakini kila jioni nawasikia mnawaambia ni yenu, chukueni. Wanachukua. Mimi nikimpa mtu kitu akakipokea simwiti mwizi."

Hakuna aliyebisha, maana wote walikuwa wameshafika hapo kila mmoja kwa njia yake. Honorata alimfuata mchungaji nyumbani kwake.

"Mchungaji, tuache kushukuru."

Nikodemu aliweka kikombe chini. Alionekana kama mtu aliyeombwa avue shati kanisani.

"Mama Mwenyekiti, watu wametuma saruji, wametuma nondo, wametuma hadi vitanda. Niwapigie halafu nikae kimya? Nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Ushukuru moyoni."

"Wao watausikiaje moyo wangu?"

Honorata mwenyewe alipoliwaza jambo lile alisikia aibu shingoni. Hata hivyo kamati ilikaa, ikapitisha kwamba kuanzia sasa watasalimia, wataonyesha kazi, wataaga. Jioni ile Bibi Gunhild alipotokea kwenye simu na kuuliza wameshindaje, wanawake wa kwaya walivumilia kidogo tu, halafu mmoja akasema asante Bibi, mwingine akadakia kwamba yote ni yenu, na wote wakawa wameshafungua mikono. Honorata alijikuta naye amefungua yake. Walipogeuka, wakakuta msingi mtupu.

Baada ya hapo Bibi Gunhild alitoa taarifa. Wazee wa usharika wake walikuwa wamekaa. Kuta za Nyakimwe zilikuwa zimewagusa watu mno, hata waliokuwa wameacha kanisa walikuwa wanarudi, wanasali humo ndani wakiwa na makoti kwa sababu hapakuwa na paa. Wameomba sana juu ya jambo hili na wameona ni zawadi. Je, ndugu zao wangeweza kuendelea hadi mwisho? Saruji zaidi iko njiani.

"Amina," alisema Mchungaji Nikodemu, kisha akabaki amefungua mdomo, anamtazama Honorata.

Honorata alichanganyikiwa hasa. Kila asubuhi alipopanda kiwanjani hakujua tena anakwenda kujenga au anakwenda kupakia mzigo. Alibeba maji ya kuchanganyia saruji kichwani, kama kila mtu, na mikono ilifanya kazi vizuri ilhali moyo umekaa pembeni unamtazama. Tumbo la Winfrida lilizidi kushuka. Alimwuliza mama yake kama wodi itakuwa tayari, na Honorata akamwambia itakuwa tayari, bila kumwambia wapi.

Ndipo ikaja mvua iliyong'oa mnara wa simu, na mtandao ukakatika mwambao mzima. Ziwa likachafuka vibaya, boti zikavutwa juu mchangani na kufungwa kwenye minazi. Mchungaji alizunguka na simu yake akiinyoosha juu, akapanda hadi kwenye mwamba wa makaburini, asipate kitu. Honorata alimwona akihangaika na hakumhurumia. Alimfuata Hamdani, akamwambia sasa ndiyo sasa, na kijiji kizima kikatoka. Wavuvi wasio na pa kwenda walipitisha matofali mkono kwa mkono. Kuta zilipanda, zikakaa. Zikafika kwenye paa. Mabati yalipigwa misumari na watu ambao walikuwa hawajawahi kuiona wodi hiyo ikiwa na kofia. Waliingiza kitanda cha chuma, Nesi Asnath akapanga beseni na mikasi yake, na kwa mara ya kwanza Honorata aliingia ndani, akakaa kwenye kitanda, akalia kidogo kwa furaha peke yake.

Winfrida alianza uchungu asubuhi, mawimbi bado yanapiga. Hakuna aliyezungumzia boti. Alitembea kwa miguu yake hadi wodini, akajilaza, na baada ya adhuhuri akajifungua mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Asnath alimfuta, akamfunga kitenge, akampa bibi yake. Honorata alimshika yule mtoto akiwa hai. Ilibidi aegemee ukuta, na ukuta ukamzuia.

Kupitia dirishani alimwona mchungaji akija kutoka makaburini karibu anakimbia, simu mkononi, mtandao umerudi, inaita.

Honorata hakupoteza muda. "Inuka," alimwambia Winfrida. "Tutoke nje."

"Haiwezekani," Asnath alisema. "Bado anatoka damu. Mpe nusu saa. Mimi nafuata maji ya moto."

Honorata akaona aokoe kwanza anachoweza kubeba. Alivuka kizingiti na mtoto kifuani, akasimama nje akiuziba mlango kwa mwili wake.

"Mchungaji, usishukuru. Binti yangu yumo ndani."

Nikodemu alimwelewa mara moja. Aliigandamiza simu kifuani, jasho linamtoka. "Sitasema neno, Mama Mwenyekiti. Nitawasalimia tu, wasije wakafikiri tumekufa." Akaigeuza. Watu wakasogea ili nao waonekane, kama kawaida, na Honorata akasogea pia kuhakikisha hakuna atakayefungua mikono.

Mchungaji alitimiza ahadi yake. Wanawake wa kwaya waliuma midomo. Lakini mtoto alilia, na Bibi Gunhild akamsikia.

"Kuna mtoto? Jamani, hongereni. Hongera mama wa mtoto, popote ulipo."

Na kutoka ndani Winfrida, ambaye alikuwa amelelewa vizuri, akaitikia kwa sauti ya uchovu, "Asante sana, Bibi. Tunawashukuru kwa nyumba hii. Ni yenu."

Wakati huo kila mtu alikuwa anatazama simu. Honorata alipogeuka, Asnath alikuwa amesimama kwenye msingi mtupu ameshika ndoo ya maji ya moto, akitafuta pa kuitua.

Winfrida alikuwa salama. Bibi Gunhild aliwaonyesha jioni ileile: amelala kwenye kitanda kilekile, amefunikwa mablanketi, daktari wa usharika yupo pembeni, theluji dirishani, tetea mwekundu chini ya kitanda. "Mawe," alisema Winfrida, akimwita mama yake kwa Kiha, "mtoto yuko wapi?" Honorata alimwinua mtoto mbele ya simu. Winfrida alipomwona, maziwa yalimlowesha nguo, na wote wa pande mbili wakainamisha macho.

Jambo la kumrudisha lilikuwa gumu. Ofisi moja ya huko ilieleza kwamba kwa kuwa hana mhuri wa kutoka Tanzania, basi hajatoka, na asiyetoka hawezi kurudishwa. Honorata akafikiri, akapata wazo ambalo aliliona jepesi mno, hata akashangaa halikuja mapema.

"Bibi Gunhild," alisema, "mtushukuru nyinyi. Simameni mbele ya wodi mseme kazi hii ni yenu, tunaiweka mikononi mwenu. Itarudi, na yeye ndani."

Bibi Gunhild alisema ni wazo zuri, atalifikisha kwenye kikao. Kikao kilikaa, kikaahirishwa, kikakaa tena. Jibu lililetwa kwa upole mkubwa. Wazee walikuwa hawaoni inavyofaa mtoaji kumshukuru mpokeaji, ingewachanganya watu. Tena wodi ilikuwa imeshawekwa viti na kinanda. Winfrida anapendwa, anaimba kwenye kwaya, na wageni wakija yeye ndiye anayewatembeza.

"Hawataki tu," Hamdani alisema.

"Wanataka," alisema mchungaji. "Hawajui." Kisha akakaa juu ya rundo la kokoto, akasema labda ni yeye asiyejua.

Mtoto alikuwa anapungua. Selina, jirani aliyekuwa ananyonyesha wa kwake, alimpa ziwa alipoweza, lakini halikuwatosha wawili. Maziwa ya ng'ombe yalimharisha. Honorata alilala naye kifuani, akausikia uzito wake kila alfajiri, na kila alfajiri uzito ulikuwa mdogo. Hakumlaumu mtu, au aliwalaumu wote na yeye mwenyewe, na alipojaribu kutenganisha alishindwa.

Kisha Bibi Gunhild aliuliza, akiomba radhi kwa usumbufu, kama ndugu zao wangeweza kuongeza jiko dogo. Wodi haikuwa na jiko, na wageni walikuwa wengi.

Mke wa mvuvi Castory, naye mjamzito ambaye tumbo lake lilikuwa limeshafika mbele, alisimama kwenye mkutano akauliza kama si afadhali waanze na wodi nyingine, ya hapa. Watu walimtazama Honorata. Honorata alimtazama mtoto aliyekuwa mgongoni.

"Tunaanza na jiko," alisema.

Walilijenga haraka, chumba kimoja, paa moja, mlango mmoja. Hamdani hakutaka kulipua kazi. Alipiga lipu hadi kona za juu, akaacha dirisha ili mtoto asikose hewa. Siku lilipokwisha, Honorata alimwogesha mtoto, akampaka mafuta ya mawese, akamfunga kitenge cha mama yake. Alifikiri aende naye. Alilifikiri jambo hilo tangu asubuhi. Lakini Winfrida akirudi siku moja, kwa mhuri au kwa namna nyingine, asimkute mtu, atapokewa na nani? Na kama harudi, nani atakuwa mwenyekiti? Alimlaza mtoto kwenye kapu, akaliweka katikati ya sakafu mbali na kuta, akatoka, akarudishia mlango.

Mchungaji alipiga simu. Winfrida alikuwa upande wa pili, amesimama uani, amevaa koti la watu, mikono ameshaifungua. Honorata hakungoja kuombwa. Alishukuru kwa saruji, kwa nondo, kwa bawaba za mlango. Alisema kazi hii ni yenu, tunaiweka mikononi mwenu. Alikuwa ameogopa kwamba maneno yatamkwama, lakini yalitoka laini, yamezoea, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Amina," walisema watu. Wakageuka kutafuta majembe na ndala zao. Mchungaji akageuka. Hamdani akageuka, akajifanya anaosha mwiko.

Honorata hakugeuka. Jiko lilikuwa palepale mbele yake, na mtoto alikuwa ameamka, analia mle ndani kwa ile sauti yake kubwa. Alijua kwamba akiendelea kuutazama ule mlango hautakwenda popote. Aliutazama mpaka macho yakamwasha.

"Mawe," sauti ya Winfrida ilisema kwenye simu, taratibu. "Geuka."

Honorata akageuka, akalitazama ziwa. Kilio nyuma yake kikakatika katikati. Chini kwenye maji, boti iliyombeba mke wa Castory, ambaye uchungu ulikuwa umemwanza mchana, ilikuwa bado inavutwa kamba ya injini, haijawaka.